Mama Kaa Kwanza na Meza za Alhamisi

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuwapikia na kuwakaribisha wageni wa ukumbi wetu, mwenzetu ambaye wote tunamwita Mama Kaa Kwanza anastaafu rasmi Alhamisi hii, tarehe thelathini. Siku ameichagua mwenyewe. Anasema mtu aliyeingia kazini Alhamisi hana sababu ya kutoka siku nyingine.

Ofisi ya kanisa imepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya sherehe ya Jumapili. Tulipokwenda kumwomba ruhusa, alikuwa anamenya vitunguu na hakuinua kichwa. Alitoa masharti mawili. La kwanza, maneno yasiwe mengi, maana chakula kitapoa. La pili alilitamka kisu kikiwa bado mkononi: "Na usije ukaniita malaika, mwanangu. Ukiniita malaika nakufuata hukohuko ofisini." Sharti la pili limezingatiwa kikamilifu. Kwa la kwanza tunaomba radhi mapema.

Kwa wageni wa sherehe wasioifahamu kazi yake: kila Alhamisi mchana ukumbi wa kanisa hufunguliwa, na kila anayeingia hupewa chakula bila malipo. Wanaopika, wanaogawa na wanaoosha vyombo ni watu wa kujitolea. Wanaokula ni wazee wanaoishi peke yao, vibarua waliokosa kazi siku hiyo, akina mama na watoto wao, watu waliolala nje, na wengine ambao wamechoka tu kula wakitazama ukuta. Hakuna anayeulizwa yeye ni nani wala amefikwa na nini. Na katika ukumbi huo neno "wahitaji" halitumiki. Aliyewahi kulitumia mbele ya Mama anajua kwa nini. Ni wageni, basi.

Mama hakuja kwetu kupika. Alikuja kupima madirisha. Wakati huo alikuwa fundi cherehani mwenye chumba cha kushonea nyuma ya duka la viatu, na kanisa lilikuwa limenunua kitambaa kizito cha kijani kwa ajili ya mapazia ya ukumbi. Aliingia na tepu yake shingoni, akakuta akina mama watatu wanagawa chakula kwenye mlango wa jikoni, na watu wamesimama kuuzunguka ukumbi wanakula, sahani zimekaribia videvu. Dirisha la kwanza alilotaka kulipima lilikuwa na bakuli la supu juu yake, na mwenye bakuli alikuwa mzee anayekula kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikilia fimbo.

Akamwambia, "Mzee wangu, kaa kwanza, mengine baadaye." Kisha akatazama kulia na kushoto, akagundua kwamba hapakuwa na pa kukaa.

Meza zilikuwepo. Zilikuwa stoo, zimepangwa vizuri na kufunikwa, zikisubiri mikutano. Mama alizikokota mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa kelele ambayo wenye kuikumbuka wanasema ilisikika mpaka madhabahuni. Alhamisi iliyofuata meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vizito vya kijani vilivyoshonwa pindo safi. Ukumbi ulikaa miaka mingi bila mapazia. Wazee wa kanisa wa wakati ule walilalamika, na tunaambiwa walilalamika wakiwa wamekaa mezani, sahani zao zimejaa.

Hivyo ndivyo ulivyoanza utaratibu ambao leo tunauona wa kawaida. Mgeni anapokelewa mlangoni kwa salamu. Anaonyeshwa kiti. Anakaa. Sahani inamfuata pale alipo, sahani ya udongo inayotoa sauti ikiwekwa mezani, si ya plastiki. Anayegawa, akishamaliza meza yake, anavuta kiti naye anakula hapohapo na wageni wake. Watu wengi wenye elimu na nafasi zao wamefundishwa na Mama kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, na baadhi yao wamefundishwa pia kufagia vipande.

Katika miaka hiyo yote ametoa amri nyingi lakini iliyo kubwa ni ile ya maneno mawili yaliyompa jina. Mtu akifika amekasirika, kaa kwanza. Akifika analia, kaa kwanza. Akifika kutushtaki kwa askofu, naye pia kaa kwanza. Mama anaamini kwamba mtu hawezi kueleza jambo lake vizuri akiwa amesimama na njaa, na kwa kweli hatujapata ushahidi wa kumpinga.

Amri hiyo imewahi kuleta matatizo madogo. Fundi bomba aliitwa kurekebisha mfereji wa jikoni uliokuwa unadondosha maji. Alipofika mlangoni na mfuko wake wa vifaa, alikaribishwa, akaonyeshwa kiti, akaletewa wali na maharage. Ni mtu wa aibu. Akala, akashukuru, akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata yakampata yaleyale. Mara ya tatu aliweka spana juu ya meza, kando ya sahani, ili iseme kwa niaba yake. Mama alipoiona alicheka mpaka akakaa yeye. Fundi bomba amekuwa mhudumu wetu tangu siku ile, na ni miongoni mwa walio bora. Mfereji, kwa taarifa ya wenye sherehe, bado unadondosha.

Ilitokea pia Alhamisi moja ambapo wapishi watatu, kila mmoja kwa wakati wake na kwa moyo wake wote, walitia chumvi kwenye sufuria moja la maharage. Wageni walikula wali mwingi sana siku hiyo na maji ya kunywa yakaisha kabla ya saa nane. Mama hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba upendo ulizidi kipimo, akachukua kopo la chumvi akaliweka kwenye mfuko wa aproni yake, na hakuna aliyelishika tena bila kuomba.

Wengi wanamjua Mama wa kicheko na amri. Wachache wanajua kwa nini meza zile ni jambo zito kwake. Binti yake, ambaye leo ni mwalimu wa shule, ndiye aliyetuambia, na ametupa ruhusa tuliandike. Mume wa Mama alipofariki, kabla Mama hajaja kwetu na binti huyu akiwa mdogo sana, kulikuwa na kipindi ambacho cherehani ilikuwa imeuzwa na nyumbani hapakuwa na kitu. Mama alimshika mtoto mkono wakaenda kupanga foleni mahali palipokuwa panagawiwa chakula. Palikuwa na dirisha dogo, na dirisha lilikuwa juu. Aliyekuwa ndani aliona mikono ya mama mtu, akatoa sahani moja. Mtoto hakuonekana. Mama alijaribu kueleza, lakini mtu wa nyuma yake alikuwa amekwisha kusogea, na mkono wa ndani ulikuwa umekwisha kunyoosha sahani nyingine kwa mwingine.

"Hakuwa mtu mbaya yule wa ndani," binti anasema mama yake humkumbusha hivyo kila mara. "Alikuwa hatuoni tu."

Tumeliandika hili kwa sababu bila hilo msomaji hatauelewa mwaka uliopita.

Mwaka uliopita Kamati ya Ukumbi, kwa nia njema kabisa, ilikabiliwa na mambo mawili. Wageni walikuwa wameongezeka na wahudumu wamepungua, kwa hiyo chakula kilichelewa kwisha. Na kwaya, ambayo hufanya mazoezi ukumbini Alhamisi kuanzia saa tisa, ilikuwa inasubiri nje na vitabu vyake huku meza bado zina watu. Mwalimu wa kwaya, mtu anayeheshimu saa kuliko wengi wetu, alipendekeza litobolewe dirisha kwenye ukuta wa jikoni. Watu wapange foleni, wapewe chakula kilichofungwa, waende zao. Kazi ingekuwa ya haraka, safi, na ukumbi ungebaki mtupu.

Mama aliomba kusema. "Ukumbi mtupu ndio mnaoutaka? Basi fungeni mlango kabisa, mtaupata." Kumbukumbu za mkutano zinaeleza kwamba "mjumbe mmoja alitoa maoni tofauti". Ndiyo hayo.

Kamati ikafikia mwafaka. Seremala alitoboa dirisha, likawekewa kifuniko cha mbao na kufungwa. Mama akapewa mwezi mmoja. Kama ndani ya mwezi huo angeweza kuukabidhi ukumbi saa tisa, meza zingebaki. Kama angeshindwa, kifuniko kingefunguliwa. Wiki ya kwanza alichelewa. Wiki ya pili alichelewa zaidi, na waliomwona anafuta meza jioni ile wanasema alizifuta kama mtu anayefunga mizigo.

Wiki ya tatu mlangoni alikuwepo mhudumu mpya, askari mstaafu ambaye sote tunamwita Afande. Mama alikuwa amemfundisha kazi asubuhi hiyohiyo: yeyote anayeingia, usimuulize ni nani, mkalishe, mletee sahani. Afande ni mtu ambaye maisha yake yote amepokea amri na kuzitekeleza. Mama akaingia jikoni kushughulika na sufuria lililoanza kuungua.

Ndipo kwaya ikaja mapema, yote, ikiongozwa na mwalimu wake, kwa nia ya kusimama ukumbini ili waliomo waelewe kwamba muda umekwisha. Mwalimu alifungua kinywa aseme wao ni kina nani. Afande akainua kiganja. "Hapa hatuulizi, bwana. Kaa kwanza." Mwalimu akajaribu tena. Afande akamvutia kiti. Waimbaji wa sauti ya kwanza hawakujaribu hata mara moja. Walikuwa wametoka kazini moja kwa moja, na harufu ya maharage ilikuwa imewapokea tangu getini. Walipokwisha kukaa hao, wengine wakafuata.

Mwalimu wa kwaya alijikuta ameketi kando ya mzee mmoja ambaye ni mgeni wetu wa siku nyingi. Mzee alimsogezea kikombe cha maji, akamtazama vizuri, akamwambia, "Si wewe yule wa nyimbo? Ule wenu wa mwisho wiki iliyopita mtamu sana. Ila wale wa sauti nene wanalala, bwana. Waamshe."

Hapo ndipo mwalimu alipofahamu jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Wageni wetu wengi, wakishamaliza kula, hawaendi popote. Hukaa nje chini ya ukuta wa ukumbi na kusikiliza mazoezi mpaka mwisho. Miaka yote alikuwa akidhani anaimbisha ukumbi mtupu. Meza nzima ikaanza kumweleza wimbo upi wanaupenda, na upi umeimbwa kupita kiasi. Alisahau kutazama saa.

Mama alipotoka jikoni alikuta kwaya yote mezani, chakula kimekwisha, na wageni waliochelewa wamekaa mbele ya meza zisizo na kitu. Mama alimgeukia Afande. "Nilikwambia usiulize mtu. Sikukwambia upofuke."

"Amri haikuwa na maelezo hayo, Mama," Afande akajibu, amesimama wima.

Ukumbi mzima ukacheka, na Mama akacheka kuliko wote. Akarudi kupika wali mwingine. Na kwaya, ambayo sasa ilikuwa imeshiba na inaona haya, ikainuka kusaidia. Sauti nene walibeba sahani. Sauti ya kwanza waliosha. Mwalimu mwenyewe alipanga mstari wa kupokezana vyombo, kwa kuhesabu mapigo, kama vile anaongoza wimbo. Wageni waliochelewa walikula vizuri, na ukumbi ukawa safi kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona. Ilipofika Alhamisi iliyofuata, kwaya ilikuja saa moja kabla ya mazoezi, na mikono ya shati imekunjwa tayari. Ukumbi ulikabidhiwa kwa wakati. Umekabidhiwa kwa wakati hadi leo.

Lakini dirisha lilikuwa limekwisha kutobolewa, na Mama alilipita kila siku akienda jikoni. Magoti yake yalikuwa yamechoka muda mrefu. Daktari alimwambia apumzike, na binti yake alimsihi, wakati mwingine kwa upole na wakati mwingine kama anavyosema na wanafunzi wake wa nyuma darasani. Jibu la Mama lilikuwa moja: akitoka leo, kesho kutwa watu watasimama. Hakuwa anatafuta kubembelezwa. Aliogopa kweli kwamba meza zile zilisimama kwa ubishi wake peke yake, na kwamba ubishi huo ukienda nyumbani kulala, meza zitarudi stoo.

Mapema mwaka huu goti la kulia liliamua kwa niaba yake. Alifanyiwa upasuaji na kukaa nyumbani majuma mengi, mguu juu ya kigoda. Jiko likaendelea. Afande alisimama mlangoni, fundi bomba akashika meza, mama muuza mboga, ambaye zamani alikuja kwetu kama mgeni, akashika sufuria. Hata hivyo wahudumu walikuwa wachache tena, kwa kuwa kwaya ilikuwa safarini kwa muda, na hoja ya dirisha ikarudi mbele ya Kamati. Ilielezwa kwamba ni kwa muda tu. Habari zilimfikia Mama siku hiyohiyo. Binti yake anasema hakula jioni ile.

Mkutano uliitishwa kwaya iliporejea. Wengi tulidhani tunajua nani atasema nini. Mwalimu wa kwaya alisimama wa kwanza. Alisema: "Mimi ndiye niliyeliomba lile dirisha. Sikuwa nimewahi kukaa na watu wale. Naomba iandikwe kwenye kanuni za ukumbi kwamba siku ya Alhamisi mtu anakula amekaa, awepo Mama au asiwepo. Na kama wahudumu hawatoshi, mniulize mimi kwanza." Kisha akakaa. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna mkono ulioinuka. Tangu siku hiyo dirisha linatumika kurudisha vyombo vichafu jikoni, na kwa kazi hiyo ni dirisha zuri sana.

Ofisi ilitumwa kumpelekea Mama kanuni hiyo nyumbani. Aliomba isomwe. Akaomba isomwe tena, polepole. Akauliza nani alipinga, akaambiwa hakuna. "Hata mmoja?" Hata mmoja. Akaanza kutikisa kichwa. "Jamani. Na mimi hotuba yangu nimeipika juma zima. Ningewachana pale! Sasa nimpelekee nani?" Akafuta macho kwa ncha ya kanga yake huku bado anacheka. Ndipo akasema, bila mtu kumuuliza, "Haya, mwanangu. Andika tarehe basi."

Hivyo ndivyo tarehe iliyo juu ya ukurasa huu ilivyopatikana.

Makanisa mawili ya jirani yameondoa foleni zao na kutandika meza kwa kumwiga yeye, na wahudumu wetu wengi wa leo waliingia kwenye mlango ule kwa mara ya kwanza wakiwa na njaa. Kuanzia mwezi ujao jiko litasimamiwa na mama muuza mboga, ambaye Mama mwenyewe amempendekeza kwa maneno haya: "Mkali. Atafaa." Kanisa linamshukuru Mama kwa kila sufuria, kila kicheko na kila ugomvi wa haki. Linamshukuru pia binti yake, aliyekubali kwa miaka yote hiyo kuwa na mama asiyepatikana siku za Alhamisi. Anasema sasa atampata, na tayari amenunua viti viwili vya kukalia nje ya nyumba.

Mama, tunakuombea magoti yasiyouma, asubuhi ndefu, wajukuu wanaosikia wakiambiwa mara moja, na siku nyingi za kukaa bila kumwinukia mtu. Meza zipo. Zitakuwepo Alhamisi ijayo, na ya baada ya hiyo, na hakuna atakayezirudisha stoo kwa sababu wewe umelala. Nenda nyumbani, Mama. Pumzika.